Ziba ufa kwanza: programu huria za picha na video hazihitaji kuzaliwa upya kila mwaka

Leo nina jambo limenikaa rohoni na afadhali nilitoe. Linahusu msimbo wa programu, kwa hiyo wale mliokuja kutafuta habari za simu mpya mniwie radhi. Lakini msiondoke, kwa sababu mbele kidogo mtaona kwamba linawahusu hata nyinyi ambao hamjawahi kuandika mstari mmoja wa programu maishani.

Swali ni hili. Una programu huria ya kuwekea picha na video kwenye tovuti ili watu washirikiane. Inafanya kazi, lakini msimbo wake umezeeka: sehemu hii imeandikwa na mtu aliyeondoka zamani, sehemu ile hakuna anayeielewa, na kila ukigusa hapa kunavunjika kule. Ufanye nini? Uikarabati kidogo kidogo, au uitupe uandike mpya?

Kila nikikaa na vijana wenzangu wa fani hii, iwe Ukunda au Mombasa, jibu huwa ni moja: "Andika upya bwana, hiyo ni takataka." Wanasema hivyo kabla hata ya kuufungua huo msimbo wenyewe. Mimi nasema hapana. Na leo nataka nieleze kwa nini nasema hapana, kwa hesabu na kwa historia.

Kwanza niwaambie limetokea wapi. Mimi niko Vanga, huku mpakani na Tanzania. Tuna kikundi kidogo cha vijana, hakina jina kubwa wala ofisi, na kazi yetu ni kuwarekodi wazee wakizungumza Kivumba. Kwa wasiojua, Kivumba ni lahaja yetu ya Vanga na Wasini, na jina lake linatokana na Vumba, ule mji wa kale ambao magofu yake yako huku kwetu. Wazee wanatuhadithia habari za uvuvi, pepo za kusi na kaskazi, majina ya samaki, nyimbo za harusi. Rekodi zote hizo hivi sasa ziko kwenye simu za watu. Simu ikitumbukia majini, na sisi ni watu wa mashua, basi sauti ya mzee imekwenda nayo. Ukiituma video kwa WhatsApp inabanwa, na baada ya mwaka mwenye simu amefuta kila kitu kupata nafasi. Ukiiweka YouTube, dunia nzima inaiona pamoja na matangazo, na kuna mzee aliyetuambia waziwazi kwamba anatuhadithia sisi na wajukuu zake, si walimwengu.

Kwa hiyo tunataka tovuti yetu wenyewe. Hapo ndipo tulipogawanyika. Nusu ya wenzangu wanasema tuandike programu yetu kuanzia sifuri, miezi mitatu tu itakuwa tayari. Nusu nyingine, mimi nikiwemo, tunasema tuchukue programu huria iliyopo, tuitie viraka panapovuja, na viraka hivyo tuwarudishie wenye programu ili wengine nao wafaidike. Mjadala haujaisha. Wazee nao hawatungoji.

Sasa twende kwenye historia, maana haya hayakuanza leo.

Wale mliokuwa na tovuti miaka ya 2000 mtaikumbuka programu iliyoitwa Gallery. Ilianza mwaka 2000, ikaandikwa kwa PHP, na kwa muda mrefu ukitaka kuweka albamu ya picha kwenye seva yako mwenyewe hiyo ndiyo ilikuwa jibu la wengi. Kisha ikaja Gallery 2 mwaka 2005, na hiyo haikuwa ukarabati, iliandikwa upya kabisa. Ikawa na kila kitu, hadi wenyewe wakaona imekuwa nzito mno. Wakafanyaje? Wakaandika upya tena! Gallery 3 ikatoka mwaka 2010, nyepesi na nzuri, lakini wale waliokuwa wameitengenezea Gallery 2 nyongeza na mapambo yao walijikuta wanaanza moja. Mwaka 2014 wenye mradi wakatangaza kwamba unakwenda kulala.

Upande wa pili kuna Piwigo. Hii ilianza mwaka 2002 huko Ufaransa ikiitwa PhpWebGallery, nayo pia kwa PHP, na mwaka 2009 ikabadilishwa jina. Haikuwa na makeke. Ukiutazama msimbo wake utakuta mambo ambayo mhitimu wa sayansi ya kompyuta atakunja uso. Lakini toleo limefuata toleo, kiraka kimefuata kiraka, na mtu aliyekuwa na albamu zake zamani ameweza kusonga nazo mbele. Programu hiyo iko hai mpaka leo na bado inatoa matoleo mapya.

Najua mtaniambia kwamba Gallery haikuuawa na kuandikwa upya peke yake. Ni kweli. Watu walihamia Flickr, kisha Facebook, na waliokuwa wakijitolea walichoka au walipata majukumu mengine. Lakini Piwigo ilipita kwenye upepo huo huo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mmoja alitumia nguvu zake kujenga nyumba mara tatu, na mwingine alitumia nguvu hizo hizo kuziba paa la nyumba ile ile. Siku nguvu zilipopungua, wa pili alikuwa na pa kulala.

Tuje nyumbani. Programu huria yenye asili ya Kenya inayojulikana zaidi duniani ni Ushahidi. Ilizaliwa Januari 2008 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na walioianzisha ni Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Watu walituma ripoti za yaliyowatokea, na ripoti hizo zikawekwa kwenye ramani, pamoja na picha na video. Mwaka 2010 ilitumika kwenye tetemeko la Haiti. Ni fahari yetu, na sina nia ya kuishusha hapa.

Lakini tazameni msimbo. Toleo la 2 la Ushahidi lilijengwa juu ya kiunzi cha PHP kiitwacho Kohana. Kiunzi ni ile mifupa ya programu ambayo wengine wameshakuundia, wewe unatia nyama. Na mnajua nani mwingine alijenga juu ya Kohana? Gallery 3. Basi Kohana wenyewe nao wakaandika upya: Kohana 3 ilitoka mwaka 2009 na haikuelewana na Kohana 2. Waliokuwa wamejenga juu ya ile ya zamani wakabaki juu ya mifupa isiyotunzwa tena, na baadaye Kohana yote ikaachwa. Toleo la 3 la Ushahidi likabidi liwe msimbo mpya, kazi iliyochukua miaka, si miezi, na huko mbele mifupa ikabidi ibadilishwe tena. Hao ni watu waliokuwa na wafadhili, ofisi Nairobi na wataalamu wa kulipwa. Sisi wa Vanga tuna kompyuta mpakato tatu, na moja wapo betri yake haishiki chaji.

Ndiyo maana nikisikia "miezi mitatu" huwa nacheka kidogo, na siwacheki watu, naicheka hesabu. Hebu tuhesabu programu ya aina hii inataka nini. Akaunti na nywila. Kupakia faili. Kupunguza ukubwa wa picha. Kugeuza video ziwe za ukubwa mbalimbali. Ruhusa za nani aone nini. Utafutaji. Kufuta, na kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya. Nakala za akiba. Kila moja ya hizo ukiiandika wiki ya kwanza inaonekana imekwisha. Haijaisha. Kilichobaki ni yale mambo madogo ambayo msimbo mzee umeshakutana nayo na mpya bado.

Mfano: mtu anapakia faili lenye jina "ng'ombe wa babu.jpg". Hiyo alama baada ya ng ni sehemu ya lugha yetu, lakini kwenye hifadhidata ndiyo inayofunga maneno. Msimbo ulioandikwa kwa haraka unaanguka hapo hapo, na vibaya zaidi, palipoangukia ng'ombe wa babu ndipo mwizi atakapopitia kuingia. Mfano mwingine: picha iliyopigwa simu ikiwa wima inatokea imelala, kwa sababu simu haikuigeuza picha, iliandika tu ndani ya faili kwamba igeuzwe. Mwingine: simu za iPhone tangu mwaka 2017 huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC ambao vivinjari vingi haviufungui. Mwingine: ndani ya picha kuna mahali ilipopigwa, kwa nambari za ramani, na ukiiweka hadharani bila kuzifuta umemwonyesha kila mtu nyumba ya mzee ilipo. Tangu tulipopata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hilo si suala la adabu peke yake.

Ile mistari ya ajabu ajabu kwenye msimbo mzee, ile inayowafanya vijana waseme "takataka", mingi ni majibu ya matatizo kama haya. Kila mmoja una kisa chake. Ukiitupa, matatizo hayatupiki pamoja nayo, yanakungoja mlangoni.

Halafu kuna usalama. Programu ya picha na video haiishi peke yake, inategemea maktaba za msimbo za watu wengine. Mei 2016 iligundulika hitilafu ndani ya ImageMagick, maktaba inayotumiwa na tovuti nyingi kupunguza picha: mtu angeweza kupakia faili linalojifanya picha, na seva ikatekeleza amri zake. Septemba 2023 ikaja nyingine kwenye libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP, nayo ikabidi vivinjari karibu vyote virekebishwe haraka. Mradi wenye watunzaji wanaozoea kutoa viraka vidogo kila mara hutoa na hiki kama kawaida. Mradi ambao watu wake wote wamejifungia wanaandika toleo jipya la ndoto, ile ya zamani inayotumiwa na wananchi ataitazama nani?

Sasa mtasema: basi wewe hutaki mabadiliko yoyote, unataka tukae na msimbo wa babu. La hasha! Ninachosema ni kwamba hata badiliko kubwa lina njia yake. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni MediaGoblin, mradi wa GNU ulioanza mwaka 2011 chini ya Christine Lemmer-Webber, umeandikwa kwa Python, kwa ajili ya picha, video na sauti. Walianza na hifadhidata ya MongoDB. Baada ya muda wakaona inawasumbua watu wenye seva ndogo, na mwaka 2012 wakahamia hifadhidata za SQL. Hilo si jambo dogo, ni sawa na kubadilisha msingi nyumba ikiwa imesimama. Lakini hawakutupa nyumba: waliandika zana ya kuhamisha data, wenye picha zao wakahama nazo. Baadaye wakabadilisha mtambo wa video, kisha wakahama kutoka Python 2, ambayo ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Ni kweli mradi ulipunguza mwendo, toleo 0.9.0 lilitoka 2016 na 0.10.0 likaja 2020. Lakini ule muda haukupotea bure. Juhudi za kutaka tovuti za MediaGoblin ziwasiliane ndizo zilizomwingiza Lemmer-Webber kwenye kazi ya kuandika ActivityPub, kanuni ya mawasiliano iliyopitishwa na W3C Januari 2018. Leo Mastodon inaitumia, na PeerTube pia.

PeerTube ndiyo mfano wangu wa pili, na ndiyo ninayoipigia debe kwenye kikundi chetu. Ni programu huria ya video inayotunzwa na shirika la Framasoft la Ufaransa. Toleo la 1 lilitoka Oktoba 2018, na kwa miaka mingi aliyeajiriwa kuiandika alikuwa mtu mmoja tu. Mmoja! Mwanzoni video zilisafirishwa kwa teknolojia iitwayo WebTorrent. Mwaka 2019 wakaongeza njia ya pili, HLS, inayokata video vipande vipande na kumpa kila mtazamaji ukubwa unaolingana na mtandao wake. Hawakuiondoa ile ya kwanza. Waliziacha mbili zikae pamoja kwa zaidi ya miaka minne, watu wakahama polepole, hitilafu zikaonekana zikarekebishwa, na ilipofika Novemba 2023, kwenye toleo la 6, ndipo WebTorrent ikaondolewa. Mtazamaji wa kawaida hakujua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Fundi wa mashua akitaka kubadilisha ubao uliooza anafanya hivyo hivyo. Anautoa mmoja, anatia mwingine, anaukalafati, anakwenda kwa unaofuata. Hachomi chombo ufuoni eti kwa sababu kina ubao mmoja mbovu, halafu akawaambia wavuvi wasubiri miezi mitatu. Wavuvi watakula nini?

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maoni yangu. Uboreshaji wa msimbo tuupime kwa nini? Wataalamu wengi wanaupima kwa uzuri wa msimbo wenyewe: umepangika, una majaribio, unatumia lugha ya kisasa. Haya ni mema na mimi nayapenda. Lakini kipimo cha kwanza kiwe mtu aliye mbali kabisa na seva. Kwetu sisi mtu huyo ni binti wa Jimbo au Vanga mwenye simu ya bei nafuu na bando la wiki.

Tufanye hesabu. Simu inarekodi video ya 1080p kwa karibu megabiti 17 kwa sekunde. Mahojiano ya dakika 10 ni sekunde 600, kwa hiyo ni megabiti 10,200, yaani takriban megabaiti 1,275. Tuseme mtandao unapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 5,100, dakika 85. Sasa mtandao ukikatika dakika ya 80, programu mbovu inaanza upya kutoka sifuri, na bando limekwenda na maji. Programu nzuri inalikata faili vipande, tuseme vya megabaiti 5, vinakuwa 255, na seva inakumbuka vipi vimefika. Mtandao ukirudi, unapoteza kipande kimoja tu. PeerTube ilipata uwezo huo mwaka 2021. Kwenye orodha ya mabadiliko ulikuwa mstari mmoja kati ya mingi, wala haukupigiwa tarumbeta. Kwa mtu wa huku kwetu, mstari huo ndio unaoamua kama atatumia programu au hatatumia.

Picha nazo ni vivyo hivyo. Picha ya simu ina megabaiti 4 hivi. Ukurasa wa picha 40 zikionyeshwa kama zilivyo ni megabaiti 160, na mtu amekuja kutazama tu. Programu ikitengeneza vijipicha vya kilobaiti 30, ukurasa huo huo ni megabaiti 1.2. Ni kiraka cha mistari michache, na kinaokoa fedha ya mtu wa kweli.

Kuna mengine mawili nataka myaone. Juni 2023 PeerTube iliwezesha kazi nzito ya kugeuza video ifanywe na kompyuta nyingine mbali na seva. Maana yake ni kwamba sisi tunaweza kukodi seva ndogo ya bei rahisi, na kompyuta mpakato ya mtu hapa Vanga ikafanya kazi nzito usiku. Na toleo la 6 lile lile lilileta video zinazofunguliwa kwa nywila. Mnamkumbuka yule mzee asiyetaka walimwengu wamwone? Jibu lake liliandikwa na mtu wa Ufaransa ambaye hajui hata Vanga iko upande gani wa ramani. Huo ndio utamu wa programu huria. Sasa tukienda kuandika yetu kuanzia sifuri, tutamwambia nini huyo mzee? Angoja mwakani?

Wenzangu wana hoja yao na lazima niitendee haki. Wanasema: tukitumia ya watu hatutajifunza. Wanasema pia: hawa wa Ulaya hawajui mahitaji yetu, programu yao haina hata Kiswahili kizuri. Hoja ya pili ina ukweli. Lakini dawa yake ni ile ile ya kiraka. Tafsiri ni mchango, na unaweza kuufanya bila kujua kuandika msimbo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuleta Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuandika programu mpya ya ofisi. Walichukua iliyopo wakaifanya iseme lugha yetu. Na tafsiri nayo ni kama paa la makuti: toleo jipya likija na maneno mapya, usipoyafuata panavuja.

Kuhusu kujifunza, mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na nawaambia hivi: chuoni tulifundishwa kuandika programu kuanzia ukurasa mtupu. Kila zoezi lilianza na ukurasa mtupu. Hatukufundishwa kusoma mistari laki moja ya mtu mwingine, kutafuta hitilafu iko wapi, kuandika jaribio linaloionyesha, kuirekebisha bila kuvunja cha mwenzako, kisha kumshawishi mtunzaji aliye nchi nyingine akubali. Na kazini, ukurasa mtupu ni nadra sana. Kijana akitoa viraka vitano vikakubaliwa kwenye mradi mkubwa, mimi ningemwajiri kabla ya yule mwenye programu kumi alizoanza na hakumaliza hata moja.

Basi ushauri wangu kwa kikundi chetu, na kwa yeyote pwani hii mwenye wazo kama letu, ni huu:

1. Chagua programu iliyo hai. Tazama toleo la mwisho lilitoka lini na hitilafu zinajibiwa au la. Uzuri wa sura uwe wa mwisho.

2. Itumie kama ilivyo mwezi mmoja kabla ya kugusa msimbo. Andika kila kinachokukera. Utashangaa nusu yake ni mipangilio tu.

3. Rekebisha kimoja kwa wakati mmoja, kidogo, kwa jaribio. Kiraka cha mistari 20 kitasomwa leo. Cha mistari 5,000 hakitasomwa kamwe.

4. Rudisha kiraka kwa wenyewe. Ukikaa nacho peke yako, kila toleo jipya utakishona upya. Na PeerTube na MediaGoblin ziko chini ya leseni ya AGPL: ukibadilisha programu na kuiendesha mtandaoni, wanaoitumia wana haki ya kupewa msimbo wako.

5. Usiguse data ya watu bila njia ya kuihamisha na bila nakala ya akiba. Msimbo ukipotea utaandikwa tena. Sauti ya mzee aliyefariki haiandikwi tena.

Hiyo nambari tano ndiyo iliyonifanya nikae kuandika yote haya. Tunapobishana kuhusu lugha gani ya programu ni tamu na kiunzi gani ni cha kisasa, tunasahau kwamba programu ni chombo cha kubebea kitu. Kitu chenyewe ni ile rekodi. Kama ikifika kesho kutwa mjukuu anaweza kuisikia, msimbo umefanya kazi yake, hata ukiwa na viraka kama tanga la zamani. Kama haisikiki, hata ungekuwa mzuri namna gani umeshindwa.

Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana wa fani yangu tunapenda sana kujenga ukuta. Ukuta unapigwa picha, unawekwa kwenye wasifu wa kuombea kazi. Ufa ulioziba hauonekani, hakuna anayekupongeza kwa maji ambayo hayakuingia. Lakini mkisoma tena habari za Piwigo na PeerTube mtaona ni watu walioziba nyufa, mwaka baada ya mwaka.

Kikundi chetu tutakutana tena Jumapili baada ya Alasiri kuamua. Kura yangu mnaijua. Wenye hoja tofauti waje nayo, lakini waje na hesabu.

Nawasilisha.